Saumu Niliyomficha Daktari

Katika ugonjwa wangu wote nilisema uongo mmoja tu, na nilimwambia mtu aliyekuwa karibu kuzishika pumzi zangu mkononi mwake. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyepangiwa upasuaji, ukaambiwa kwamba kabla ya kukatwa utatiwa usingizi na mrija utapitishwa kooni. Mambo ya kitabibu utaelezwa na wenyewe. Mimi nitakueleza yaliyopita ndani ya kichwa changu, kwa sababu huko hakuna kipimo kinachofika.

Naitwa Sahra. Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Garissa, na dada yangu mkubwa, Habiba, hunicheka kwa kazi hiyo, maana nyumbani tulilelewa kwa Kisomali kitupu na Kiswahili chake yeye mpaka leo kinachechemea. Nina mume, Dekow, mfanyabiashara wa mifugo, na watoto wanne.

Ugonjwa ulianza kama uvimbe mdogo shingoni. Wanawake wa kwetu tunavaa hijabu, na hijabu ni stara ya mengi. Kwa miaka mitatu rovu lile lilikua chini ya kitambaa bila mtu kuliona isipokuwa Dekow, ambaye alidhani nimenawiri. Nilimwacha adhani hivyo. Ni jambo la kupendeza kuambiwa umenawiri, hata kama ni uongo.

Kisha moyo ukaanza kwenda mbio. Ningekuwa nimekaa tu, nasahihisha insha, na moyo unadunda kama niliyekimbizwa. Mikono ilitetemeka hadi maandishi yangu ubaoni yakawa ya mtoto wa chekechea. Nilikonda huku nikila sana, nywele zikabaki kwenye kitana, na joto la mji huu, ambalo nimezaliwa nalo, likawa linanionea mimi peke yangu. Sauti nayo ikakwaruza. Mwalimu asiye na sauti ni kama duka lisilo na mlango, na watoto waligundua mapema.

Ramadhani ya mwaka ule ilinishinda. Siku za kwanza nilijitutumua. Siku ya tano nilianguka jikoni saa nane mchana, na Habiba akaninywesha maji kwa nguvu. Nilipohesabu mwisho wa mwezi, nilikuwa nimekula siku kumi na tisa. Kumbuka hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokaribia kuniua.

Hospitalini nilipimwa damu, nikapigwa picha ya shingo, nikaambiwa rovu limeanza kuibana njia ya hewa. Halina budi kutolewa. Lakini haliwezi kutolewa mpaka moyo utulie, na presha, ambayo nayo ilikuwa juu, ishuke. Nikapewa vidonge vya aina mbili. Vya moyo vilikuwa mara tatu kwa siku. Nilivimeza kiangazi chote, kile kiangazi kirefu ambapo Dekow alikuwa akitoka Ijara na habari za ng'ombe waliokufa njiani na kunikuta nimekaa kwenye mkeka na kopo la dawa mapajani. Hakuna aliyekuwa na habari njema kwa mwenzake. Lakini moyo ulitulia kweli, na mvua za kwanza zilipoanza kunukia, nikapangiwa siku.

Nililazwa siku mbili kabla. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na feni mbili, moja ya kuzunguka na moja ya kutazamwa. Muuguzi wetu wa mchana alikuwa msichana anayeitwa Nasteho, mtoto wa hapahapa mjini, mpole, aliyekuwa akiniita habaryar, yaani mama mdogo, kwa heshima tu. Yeye ndiye aliyenieleza utaratibu. Baada ya chakula cha jioni cha kuamkia siku yenyewe nisile wala nisinywe kitu mpaka baada ya upasuaji.

"Isipokuwa vidonge vya moyo, habaryar," akasema. "Hivyo nitakuletea asubuhi na funda moja la maji. Hivyo usiviache."

Nilisikia sehemu ya kwanza. Usile, usinywe. Nikajiambia, mbona hii ni saumu.

Mtu anayengojea kukatwa shingo hufikiria kifo, asikudanganye mtu. Mimi sikuwaza sana kaburi wala watoto, Mungu anisamehe. Niliwaza siku kumi na tisa. Nikaona nikifa mezani nitakwenda na deni hilo mbele ya Mola wangu, na wengine wataniombea dua lakini saumu yangu itabaki yangu. Hospitali imeshanikataza chakula. Kinachokosekana ni nia tu. Basi nikatia nia. Sikutia ya siku moja, nilitia ya siku mbili, jana yake na siku yenyewe, ili angalau nipunguze.

Jana yake ilikuwa rahisi. Wali alioleta Habiba mchana nilimpa mama wa kitanda cha pili. Vidonge vya asubuhi na vya mchana Nasteho alipoleta, nilivitia mdomoni mbele yake, nikapiga funda la maji, nikatikisa kichwa kwamba tayari. Alipogeuka nikavitema kwenye ncha ya shela yangu. Nilikuwa nimesukutua tu, kama anayetawadha, na kusukutua hakufunguzi saumu. Nilijiona nina akili sana. Vya magharibi nilimeza kweli, pamoja na tende na uji, nikalala na amani ambayo sikuwa nimeipata kwa miezi.

Asubuhi ya upasuaji nikafanya vilevile. Nasteho aliponipima mapigo akakunja uso.

"Unakimbia leo, habaryar. Una hofu?"

"Nani asiye na hofu?" nikamjibu, na akacheka, akaandika.

Daktari wa nusukaputi anaitwa Mutua, Mkamba wa upande wa Mwingi, mtu mrefu anayeongea polepole. Alinikuta nimelazwa juu ya meza, taa kubwa usoni, mkono mmoja umeshafungwa dripu. Hata ile dripu niliijadili kimoyomoyo na dini yangu, nikaamua kwamba maji ya mshipani si maji ya mdomoni. Mashine ilikuwa ikilia kwa kila pigo la moyo wangu, na ilikuwa ikilia haraka.

"Mama Sahra, vidonge vya moyo ulimeza jana na leo asubuhi?"

"Nimemeza."

"Vyote?"

"Vyote, daktari."

Alinitazama kidogo, akaitazama mashine, akamgeukia msaidizi wake wakaambiana kitu kwa sauti ya chini. Nikasoma shahada. Kinyago kikaja puani, na hapo kumbukumbu yangu ikakatika.

Nilipoamka koo liliwaka kama nimemeza pilipili. Kichwa kiligonga. Nikainua mkono pole, jinsi nilivyokuwa nimejiandaa, nikagusa shingo kutafuta bandeji. Hapakuwa na bandeji. Kulikuwa na rovu langu, zima, palepale lilipokuwa.

Sitaisahau hali ya moyo wangu dakika ile. Nililia bila machozi, kwa sababu machozi yenyewe yalikuwa yamekauka. Nilidhani wamefungua wakakuta jambo baya wakafunga. Nilidhani ni ndoto ya dawa. Kilichonitisha zaidi ni uso wa Habiba, aliyesimama miguuni pangu na kuushika wavu wa kitanda kwa mikono miwili.

"Walishindwa, abaayo," akasema kwa Kisomali. Abaayo ni dada, na yeye huniita hivyo akiwa amevunjika tu. "Walitia mrija, moyo wako ukachomoka mbio. Wakaacha."

Daktari Mutua alikuja alasiri. Aliongea na Dekow zaidi kuliko mimi, kwa sababu mimi sikuweza kuongea. Alisema kwamba hata mtu akiwa usingizini, koo linapoguswa na mrija, mwili huo huo uliolala hushtuka, moyo hupaa na presha hupanda. Ndiyo maana kuna dawa wanazotia mshipani dakika chache kabla, za kuutuliza. Lakini dawa hizo hupimwa. Ukitia nyingi juu ya vidonge ambavyo mgonjwa ameshameza, moyo unaweza kulegea hadi ukasimama.

"Nilipima kwa mtu aliyemeza," akasema. "Mrija ulipoingia, mapigo yakafika mia moja na sabini, na presha sitaki hata kuitaja. Tuliongeza dawa mara mbili, tatu, ikachukua muda mpaka kushuka. Nilihofia mshipa wa kichwa. Tukakubaliana na mpasuaji tusikate, tukamwamsha."

"Sasa hiyo dawa imekataa kwa nini?" Habiba akauliza kwa Kiswahili chake. "Bresha yake ilikuwa nzuri wiki yote. Fidonge alikuwa anakula, mimi nimeona na macho yangu nyumbani."

"Ndilo swali langu pia, mama."

Dekow hakuwa na swali. Dekow alikuwa na jibu. Alisema mke wake aliingia hospitali akitembea na mtu amekosea dawa. Alitaka kujua ni nani anayegawa vidonge wodini. Mume wangu si mtu wa kelele, lakini siku hiyo mpaka mama wa kitanda cha pili alijifunika shuka. Daktari akaita faili, na Nasteho akaitwa naye.

Nilimwona yule msichana akisimama kati yao na kalamu yake. Alisema alinipa. Akaulizwa kama aliniona nikimeza. Akasema ndiyo, kisha akasita, kwa kuwa ni mkweli, akasema aliniona nikinywa maji. Dekow akatoa sauti ya kudharau. Nasteho akaambiwa aandike maelezo yake, akaenda kuketi kwenye meza ya wauguzi, akawa anaandika na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mimi niko pale, nimefumba macho, naigiza usingizi.

Niliigiza siku nzima iliyofuata. Nilijiambia koo linauma, siwezi kuongea, na kwa kweli lilikuwa linauma. Aibu ilikuwa inauma zaidi. Mwalimu mzima, mwanamke wa miaka arobaini na sita, nimetema dawa kama mtoto. Halafu kulikuwa na ubishi mwingine ndani yangu, kwamba nikikiri nitakuwa naitaja ibada yangu mbele za watu, na huko si kujionyesha? Shetani, akitaka, ana elimu kubwa ya dini.

Kilichonivunja ni kwamba zamu iliyofuata Nasteho alikuja kunipima kama kawaida. Hakununa. Aliniletea vidonge, akasimama, macho chini, akasema, "Samahani, habaryar. Nimeambiwa safari hii niangalie mpaka umeze."

Nikamshika mkono. Nilimwambia kwa ile sauti yangu ya mkwaruzo, nikamwonyesha ncha ya shela, ambayo vidonge vilikuwa vimeyeyuka humo na kuacha doa. Alitazama lile doa muda mrefu. Kisha alikwenda kumwita daktari, na Habiba, aliyekuwa akikunja nguo dirishani, akaja kusimama kando yangu.

Kwa Mutua nilisema yote mara moja, bila kupumzika, ili nisipate nafasi ya kupamba. Nilitegemea akasirike. Alivuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo ulikuwa umefunga," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ni Mkristo, mama. Ya saumu siwezi kukufundisha. Lakini nikikuuliza pale mezani, jibu lako ndilo linanipimia dawa. Mimi sina kipimo kingine. Ungeniambia umefunga, tungeahirisha wiki moja tu. Wala nisingekucheka."

Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya wauguzi kuzungumza na Nasteho. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilonifanyia.

Habiba ndiye aliyekasirika. Alingoja mpaka wote waondoke, akafunga pazia.

"Siku kumi na tisa," akasema kwa Kisomali. "Ulitaka kumlipa Mungu siku kumi na tisa kwa watoto wanne? Nani alikwambia anazidai leo? Mgonjwa kapewa ruhusa, Sahra. Imo katika Kitabu. Wewe ndiwe uliyesoma, mimi ndiye mjinga wa familia, na mimi naijua." Halafu akalia, akaniegemea begani, na mimi nikalia naye, safari hii kwa machozi. Nilihisi nimerudi kuwa mtu.

Dekow alipoambiwa aliondoka kwenda soko la mifugo, akakaa huko mpaka alasiri. Aliporudi, alimwendea Nasteho kwanza. Sikusikia walichosema, ila nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa mbele ya binti wa umri wa mtoto wake, na najua ilivyo vigumu kwa mwanamume wa kwetu. Kisha akaja kwangu na chupa ya maziwa ya ngamia, akanimiminia, akakaa. Tulikaa hivyo, naye akitazama feni isiyozunguka. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo aliongea nami kwa adabu, kama mgeni, na adabu ile ilinichoma. Uongo ule nilimwambia daktari, lakini Dekow ndiye aliyetukana mtu kwa sababu yake.

Ikabidi kungoja wiki sita. Mvua zilinyesha, Tana ikajaa, barabara ikakatika, malori yakalala upande wa pili wa maji. Nilikuwa nikilala nimekaa, nimeegemezwa mito mitatu, kwa sababu nikilala chali hewa ilipita kwa mluzi. Siku tatu za kwanza za kila wiki nilikwenda kliniki kupimwa presha, nikaketi kwenye benchi la simenti kati ya wazee wa kisukari na kina mama waliotoka mpaka Liboi, na hapo nikajifunza jambo. Wengi wetu tulikuwa tunaficha kitu. Mmoja anatafuna miraa na hajamwambia daktari kwa sababu binti yake ndiye mkalimani. Mwingine anakunywa mizizi aliyoletewa na shangazi. Mwingine anagawana kidonge na jirani yake kule kambini Dagahaley, nusu kwa nusu, kwa kupendana. Sikuwahubiria. Niliwasimulia tu kuhusu shela yangu. Kama nawe una lako, liseme kabla hujafika kwenye taa ile kubwa. Yule atakayetia mrija anaweza kuipimia saumu yako, na miraa yako, na mizizi yako. Asichokijua ndicho hawezi kukipimia.

Vidonge nilimeza mbele ya Habiba, mara tatu kwa siku. Baada ya kumeza aliniambia nifungue mdomo, akachungulia huku na huku kama anayenunua mbuzi, halafu ndipo akaniruhusu kwenda zangu. Watoto walicheka. Niliwaacha wacheke.

Siku ya upasuaji wa pili ilipofika sikuwa shujaa. Nilikuwa nimeona tayari kwamba mtu anaweza kulala pale na akaamshwa bila kitu kufanyika, na nilijua zaidi ya hapo mtu anaweza asiamshwe. Rovu lilikuwa limekua. Mpasuaji aliniambia wazi kwamba safari hii hatungekuwa na wiki sita nyingine, na kwamba mshipa wa sauti upo jirani sana na kisu. Nilimuusia Habiba kuhusu watoto. Dekow alitembea kando ya kitanda changu cha magurudumu mpaka kwenye mlango ambao wanaume wenye viatu vya nje hawaupiti, akaniwekea kiganja kichwani, akanisomea. Alikuwa hajanigusa kichwa tangu siku ile.

"Umemeza?" Mutua akauliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi, na funda moja la maji. Sijafunga, daktari. Tangu nitoke hapa sijafunga hata siku moja."

"Vizuri. Sasa naanza na dawa ya kuutuliza moyo. Tutaitia polepole, kidogo kidogo, na bado utakuwa macho. Sikiliza mashine."

Mkono ukaingia baridi, kuanzia kiwiko kwenda juu. Nikasikiliza. Mwanzoni mlio ulikuwa wa haraka, wa mtu mwenye hofu, na ulikuwa ukweli. Kisha nafasi kati ya mlio na mlio ikaanza kupanuka. Niliweza kusema Subhanallah kati ya pigo na pigo, kisha Subhanallah na Alhamdulillah. Sijawahi kuusikia moyo wangu ukitembea hivyo, wala kukubali kiasi kile kwamba si mali yangu. Mutua aliendelea kutaja namba kwa msaidizi wake, na namba zilikuwa zikishuka. Aliponiuliza kama niko tayari nilitaka kumwomba msamaha tena, lakini kinyago kilikuwa kimeshafika.

Niliamka wodini, jua limeingia kupitia dirisha la magharibi. Koo liliuma upya, lakini safari hii shingo ilikuwa nzito kwa bandeji, na mrija mdogo ulitoka kando yake kwenda kwenye chupa. Habiba alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Dekow alikuwa amesimama. Nasteho alikuwa ameinama juu yangu, anahesabu mapigo kwa vidole vyake, na alipomaliza kuhesabu hakuuachia mkono wangu.

"Mrija uliingia na moyo haukushtuka," akasema. "Daktari amesema ulilala kama mtoto. Sasa tunataka kusikia sauti, habaryar. Sema kitu chochote."

Nilikuwa nimeandaa Fatiha. Mwalimu yeyote angeandaa kitu. Nikafungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kiu tu, kiu ya siku nzima, ya mwezi mzima.

"Nipe maji," nikasema.

Ilikuwa sauti nyembamba, imekwaruzika, lakini ilikuwa yangu, na Dekow aligeukia ukuta akafunika uso. Nasteho akaniinua kichwa. Ilikuwa bado mchana, watu wote wananiona, na nikanywa.